Toka Bujumbura Mpaka Kigoma

Ukifungua ramani utaona kwamba uwanja wa eropleni wa Bujumbura uko digrii 3 na dakika 19 kusini ya Ikweta, na ule wa Kigoma digrii 4 na dakika 53. Tofauti ni dakika 94, na kila dakika ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Na kwa kuwa Kigoma imeelekea kidogo mashariki, jumla ni karibu kilomita 178. Eropleni iendayo kilomita 500 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 21 au 22; ukiongeza kupaa na kutua, labda nusu saa.

Hesabu hiyo niliifanya kwa ajili ya nyanya yangu, hapa Kigwena. Ana dada yake Ujiji ambaye macho yanakwisha, naye ataka kufika angali akitambuliwa kwa sura, si kwa sauti tu.

Mwaka 1972, vita vilipozuka Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, na mauaji makubwa yakafuata, watu wengi wa pwani yetu walikimbilia Tanzania. Hao wawili walikwenda kwa mtumbwi usiku tatu. Mchana walijificha katika matete. Nyanya alipelekwa Ulyankulu, akarudi baada ya miaka mingi. Dada yake aliolewa Ujiji, akabaki. Tangu safari ile nyanya hapandi chombo chochote cha majini. Ndagala hula, lakini mtumbwi uliowavua hataki hata kuuegemea.

Bwana Stanley na Dk. Livingstone nao walitoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871, na jiwe la Mugere, kaskazini yetu, lina tarehe 25 ya mwezi huo. Lakini wao walisafiri kwa kupenda.

Basi nikamweleza habari ya eropleni. Kwanza lazima tupande motokaa kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 80, kisha turuke kurudi kusini, karibu juu ya paa letu wenyewe! Ni kama mtu atokaye sebuleni kwenda jikoni kwa kupitia sokoni, maana toka Kigwena mpaka Kigoma, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 100. Nyanya aliuliza neno moja tu: je, huko juu maji yanaonekana? Nikamjibu kwamba yanaonekana sana.

Imebaki njia ya nchi kavu: Nyanza-Lac, kupanda mpaka Mugina, kuvuka Manyovu, halafu kama kilomita 60 za kuteremka Kigoma. Hiyo ameikubali. Picha ya hati ya kusafiria amekwisha kupigwa, na dada yake amepigiwa simu asimtandikie kitanda penye dirisha litazamalo ziwa.