Kiberenge cha Baba

Juma hili tunapenda kuwashirikisha habari ya kazi ndogo ya mikono iliyotuchukua miezi mitatu, nayo ni kuunda mfano wa kiberenge. Kwa wale waliozaliwa huku Mbinga, ambako reli haijafika, kiberenge ni kigari chepesi chenye injini, kiendacho juu ya reli, ambacho mafundi wa njia hukitumia kukagua mataruma, boliti na madaraja. Sisi tukitaka kuiona treni, hatuna budi kupita Songea na Njombe hadi Makambako.

Baba yetu alifanya kazi katika reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Kipande chake kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, penye milima na mahandaki. Alipostaafu alirudi Mbamba Bay, na sasa macho yake hayaoni tena. Siku moja tulimwuliza angependa tumletee nini kutoka Mbinga, naye akajibu, "Nileteeni kiberenge."

Hatukuwa na mchoro wala picha. Vipimo tulivipata kinywani mwake: benchi lilifika gotini, sanduku la vifaa lilikaa chini ya benchi, na paa mtu mrefu aliligusa kwa kichwa akisimama. Kipimo kimoja tu alikitaja kwa tarakimu, yaani upana wa njia: milimita 1,067. Tuliamua kuunda kwa sehemu moja ya ishirini, hivyo upana wetu ukawa milimita 53. Fremu tuliichonga kwa mbao ngumu. Paa tulilikata katika kopo la mafuta ya kula. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Kila gurudumu lilikuwa kisahani cha mbao, na nyuma yake duara la bati lililokizidi kidogo, ndio ule ukingo uzuiao gurudumu lisitoke relini. Injini ilikuwa kipande cha mti tulichokizungushia waya mwembamba.

Tulipokiweka relini mara ya kwanza, kingo zilipanda juu ya reli na kigari kikakataa kukaa. Tulikuwa tumepima kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine, kumbe upana wa njia hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli. Tukang'oa reli moja na kuipigilia upya. Kisha tukapaka rangi ya manjano, tukateremka nacho ziwani kwa furaha kubwa.

Baba alikipokea barazani, akakipitisha vidole polepole: paa, benchi, sanduku, ukingo wa kila gurudumu. Alitabasamu. Halafu akapapasa chini ya fremu, mbele na nyuma, akanyamaza.

"Wanangu, muda wenu ukiisha na treni inakuja, hiki mtakiondoaje njiani?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo alipotueleza kwamba kiberenge chao kilikuwa na mikono ya chuma ya kuchomoa pande zote mbili, ili watu wakinyanyue na kukiweka kando. Siku moja ya mvua injini ilizima, na muda waliopewa na kituo ulikuwa unakaribia kwisha. Walikuwa wanne. Walikinyanyua, mmoja akateleza, na uzito wote ukamlalia Baba kwenye kidole gumba. Hakuachia. Treni ilipita wakiwa wamekaa kwenye kokoto, hakuna aliyepotea.

Wapendwa, kidole kile kilichopinda tumekijua tangu utotoni. Kilitushika mkono kutupeleka shule, na hatukuwahi kuuliza kilipindaje.

Jioni ile ile tuliazima koleo, tukakata waya na kutengeneza mikono minne ya kuchomoa. Wajukuu walikuwa wamekusanyika. Wengi wao hawajaiona treni, ingawa habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay wanazisikia. Baba akawapanga wawili huku na wawili kule, wakakinyanyua kwa ncha za vidole. Mmoja akasema, "Babu, ni kama mtumbwi mwera ukianza kuvuma!" Kwa hakika alikuwa amekwisha kuelewa.

Sisi tulihangaikia injini na rangi, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonekana. Baba alitafuta kile kilichomrudisha nyumbani akiwa hai. Kama mnao wazee nyumbani, waulizeni habari za makovu yao wangali wanaweza kusimulia. Sisi tulikaribia kuchelewa.