Daftari la Baba na Deni la 2005



Marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo Ngamiani, mjini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa hesabu, kuanzia ya kwanza mpaka ya 21. Aliuza mchele, sukari, nazi na mafuta ya taa. Juu ya meza yake lilikaa daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kila aliyekopa aliandikwa humo: jina lake, siku, kitu alichochukua, kiasi chake, na jina la shahidi. Wengine walichukizwa wakimwuliza, "Mzee, kwani huniamini?" Naye akiwajibu kwa upole kwamba haandiki kwa kutoamini. Akisema kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, haikuja kwa khabari ya vita, bali imekuja kutufundisha kuandika deni. "Kuandika," akisema, "kunamhifadhi anayedai na anayedaiwa. Huyu asizidishe, na yule asisahau."

Leo nataka kuwaeleza deni moja lililoandikwa katika daftari hilo, ambalo si la mchele wala si la sukari. Hadi leo halijalipwa, na nimekuja kutambua kwamba kosa la kutolipwa kwake si la mdaiwa peke yake.

Kabla sijaendelea yanipasa niutaje upande wangu, ili msomaji ayapime maneno yangu kama apimavyo maneno ya shahidi yeyote. Baba alikuwa mtu wa TANU tangu ujana wake, na TANU ilipoungana na Afro-Shirazi tarehe 5 Februari 1977 ikawa CCM, alibadilisha kadi bila kubadilisha moyo. Nami nikaifuata njia yake mpaka 2010, nilipoirudisha kadi yangu nikaingia CUF. Basi mimi ni mpinzani, wala sifichi. Lakini deni ninalolitaja nililiandika nikiwa bado mwana-CCM.

Mwaka ule wa 2005, wakati wa kampeni, nilikwenda uwanja wa Tangamano kusikiliza. Msemaji mmoja alitaja jambo la Mahakama ya Kadhi, na watu wakaitikia kwa takbira. Nilirudi nyumbani na kijitabu cha ilani ya chama mkononi, nikamsomea baba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Humo imeahidiwa kwamba chama kitalipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi katika Tanzania Bara. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ahadi ni deni. Lete daftari." Nikaandika kama nilivyoagizwa: jina la mdaiwa, mwaka, kitu kilichoahidiwa, na shahidi, ambaye ni kijitabu chenyewe. Ile nafasi ya kuandika "limelipwa" nikaiacha wazi. Mwezi wa Desemba tukampigia kura Jakaya Kikwete, akapata zaidi ya asilimia 80 ya kura zote.

Vijana huenda wakauliza mahakama hiyo ilikuwa kitu gani. Haikuwa jambo geni katika mwambao wetu. Zamani za Wajerumani na za Waingereza, maliwali na makadhi walikuwapo katika miji ya pwani, wakiamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilipoziunganisha mahakama kuwa mfumo mmoja, kazi yao Tanzania Bara ikakoma, ijapokuwa Zanzibar imebaki na makadhi wake. Sheria ya Kiislamu yenyewe haikufutwa, kwani hakimu wa mahakama ya mwanzo aweza kuamua kwayo mirathi ya Mwislamu. Kilichoondoka ni yule mtu aliyeisomea. Mwaka 1998 Augustine Mrema, aliyekuwa mbunge wa upinzani wa Temeke, naye ni Mkristo, alilipeleka shauri hilo Bungeni, na tangu hapo halikulala tena.

Baba alifariki mwaka 2006, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mjane, mwana mmoja wa kiume ambaye ni mimi, na mabinti wawili. Mwanafunzi yeyote wa madrasa aliyesoma faraidhi aweza kugawa mali hiyo. Mafungu ni 32: mama yetu apate 4, ambayo ndiyo thumuni yake, mimi 14, na dada zangu 7 kila mmoja. Lakini sisi ni Wadigo, na kwa mila ya kale ya Wadigo mali ya mtu hurithiwa na watoto wa dada yake. Binamu zetu, watoto wa shangazi, wakadai shamba la minazi lililoko upande wa Duga, nasi tukafika mahakamani.

Sitaitaja mahakama ile, wala simlaumu hakimu. Alikuwa mtu muungwana wa dini nyingine, na akajitahidi kadiri ya uwezo wake. Lakini swali la kwanza halikuwa nani apate nini. Swali lilikuwa: marehemu aliishi kwa sheria gani, ya Kiislamu au ya mila? Dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto wake alimwona baba akiamka alfajiri kuswali, ikambidi asimame mbele ya watu na kuleta mashahidi wa kuthibitisha kwamba baba yake aliishi kama Mwislamu. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kisha shauri likaahirishwa, hakimu akahamishwa, likaanza upya, likakatiwa rufaa. Dada yangu, naye ni mjane mwenye watoto wanne, alikuwa akitoka Duga kuja mjini kwa nauli ya kukopa. Mwisho nusu ya shamba likauzwa kulipia gharama za kuligombea.

Mama alifariki mwaka 2009. Siku chache kabla ya kufa kwake aliniita akaniuliza, "Mwanangu, ile thumuni yangu imefikia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Simdanganyi msomaji. Lau kadhi angalikuwapo, huenda binamu zetu wangalidai vilevile, na huenda siku zingalipotea vilevile, kwani kadhi naye ni binadamu. Lakini shauri lingalianzia mahali lilipopasa kuanzia, mbele ya mtu ambaye faraidhi ndiyo elimu yake, wala dada yangu asingaliulizwa dini ya baba yake.

Katika miaka hiyohiyo nilikuwa nikisikiliza redio kwa makini kuliko wakati wowote. Suala lilipelekwa kwa wataalamu wa sheria. Viongozi wa makanisa wakalipinga, wakisema kwamba dola isiyo na dini haifai kugharimia mahakama ya dini moja. Kabla ya muhula ule kwisha jibu likawa kwamba Serikali haitaianzisha mahakama hiyo, na Waislamu wakiitaka waianzishe wenyewe. Makadhi wa BAKWATA wamewekwa baadaye, nao wanasuluhisha watu, lakini asiyependa hukumu yao aweza kuiacha palepale barazani akaenda zake.

Nilisikia wengi wakiwakasirikia maaskofu. Mimi sikuona sababu. Hoja yao ni hoja, nayo hujibiwa kwa hoja. Maaskofu hawakuniahidi kitu. Aliyeniahidi ni chama, na chama kilipoahidi kilijua kuwa katika nchi hii wamo Waislamu na Wakristo. Mkopaji akija kulipa hawezi kusema jirani yake amemkataza.

Basi nikalifungua daftari, nikasoma tena mwandiko wangu. Hapo ndipo nilipoliona neno ambalo mwaka 2005 sikulitazama vema. Chama kiliahidi "ufumbuzi". Sisi uwanjani tulisikia "kuanzisha". Kwa neno lile, hata kusema "hapana" ni ufumbuzi. Baba asingaliandika "nitakupa kitu" katika deni la mchele. Angaliandika kilo ngapi. Tulipokea ahadi isiyo na mizani, tukaipigia takbira.

Halikuishia hapo. Mwaka 2014, wakati wa Bunge Maalum la Katiba, Waislamu waliomo humo walilitaka jambo hili liingizwe katika Katiba. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaahidi kwamba litaletwa kwa njia ya muswada wa sheria. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa mwezi wa Oktoba bila ya kadhi. Mapema 2015 muswada ukaonekana, kisha ukaondolewa kabla ya kupitishwa. Hata ile kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika. Nikaandika mstari wa pili katika daftari, chini ya ule wa kwanza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 2015 sisi wa CUF tulilichukua jimbo la Tanga Mjini. Tuliimba mpaka usiku mkubwa. Lakini siku ya pili yake, na mwezi wa pili yake, na mwaka wa pili yake, ni nani kati yetu aliyewaendea viongozi wa chama chetu na karatasi mkononi akawauliza: ninyi mtafanya nini juu ya deni hili? Mimi sikwenda. Daftari lilikaa kabatini miaka mitano. Kisha chama chetu kikapasuka, wengi wakaenda ACT-Wazalendo mwaka 2019, na 2020 jimbo likarudi CCM. Hapo ndipo sauti yangu ya kudai iliporudi, kila jioni barazani, kwa ukali kabisa.

Jioni moja mtoto wa dada yangu, yule aliyekuwa mdogo wakati wa kesi, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo mjomba. Naomba kuuliza. Deni hili unalidai kwa sababu halijalipwa, au unalidai kwa sababu humpendi anayedaiwa?" Katika sisi Wadigo mjomba hajibiwi ovyo, na wazee waliokuwapo wakamtazama kwa jicho kali. Lakini kijana yule alikuwa amesema kweli. Deni nililolisahau upande wangu uliposhinda, nikalikumbuka ulipoanguka, limekwisha kuwa fimbo ya kupigana.

Tunao jamaa zetu Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Ni Wadigo kama sisi, na misiba yetu ni mmoja. Wao wanaye kadhi wa serikali. Nilimwuliza mzee mmoja wa huko jinsi walivyompata, akanijibu kwamba hawakumpata, walimhifadhi. Mwezi wa Oktoba 1963, ukanda wa pwani ya Kenya ulipokuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana kwamba mahakama za makadhi zitaendelea kuwapo. Maandiko yale yakaingia katika Katiba. Mwezi wa Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu wakahukumu dhidi ya mahakama hizo, lakini tarehe 4 Agosti 2010 wananchi wakaipigia kura Katiba mpya, na kadhi akabaki humo katika ibara ya 170. Mzee yule alikiri kwamba hata kwao mashauri huchelewa. Lakini walikuwa na karatasi ya kushika, nao hawakuiachia miaka 47.

Ndugu zangu, khasa ninyi vijana mtakaopiga kura kwa mara ya kwanza, dini yetu imeihesabu kuvunja ahadi kuwa miongoni mwa alama za mnafiki. Twaikumbuka hukumu hiyo kwa wanasiasa kila siku. Lakini dini hiyohiyo imemwamrisha anayedai naye aandike na aweke shahidi. Basi kila nyumba na iwe na ukurasa wake. Mgombea akija, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, na neno lililo pana mwulizeni maana yake kabla ya kura: ufumbuzi gani, kwa sheria ipi, mwaka gani? Akishinda, mwendeeni katika mikutano ya mtaa na ya kata, msingoje miaka mitano. Na anzeni na yule mliyempa kura ninyi wenyewe, kwa kuwa huyo ndiye mliyemkopesha.

Wala si mambo ya dini peke yake. Reli ya kutoka Tanga kwenda Arusha mpaka Musoma tumeahidiwa chaguzi nyingi, nayo iandikwe. Na likilipwa deni, insafu yataka lifutwe. Bandari yetu ya Tanga tuliambiwa itaongezwa kina, na kweli lango lake limechimbwa likafika mita 13 chini ya Serikali ya CCM. Mimi mpinzani nimeandika kwa mkono wangu: limelipwa. Nimeona uzito kuiandika, nami nimemshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzito huo, kwani umenionyesha jinsi nilivyokuwa.

Daftari la baba sasa nimemkabidhi yule mtoto wa dada yangu. Mistari ya 2005 na 2015 imo, na nafasi zake bado wazi. Chini yake ameanza ukurasa mpya, na mdaiwa wa kwanza aliyemwandika ni chama changu mimi, kwa yale kilichotuahidi tulipokuwa na jimbo. Ameniomba niwe shahidi, nami nimetia saini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watimizaji wa ahadi zetu, na wadai wenye insafu. Amin.