Ongeza Inchi Kwanza, 4K Itangoja

Wasee, leo tuongee kuhusu TV. Nina maoni ambayo najua yatakera wauzaji wawili watatu hapa Naivasha, lakini wacha niyaseme tu. Kama unaishi keja ya kupanga na mfuko wako si mzito, hiyo 4K isikunyime usingizi. Ukipata pesa ya ziada, inunue inchi kwanza. Na kabla ya inchi, nunua tepu ya kupimia. Tepu haifiki hata mia mbili, na inaweza kukuokolea maelfu.

Kilichonifanya niandike ni jamaa yangu mmoja wa Karagita. Anafanya kazi kwa kampuni ya maua, upande wa kupakia. Mnajua vile wiki za kabla ya Valentine huwa: unaingia asubuhi na kutoka hujui ni saa ngapi, lakini ovataimu inaonekana kwa payslipu. Sasa yeye alikuwa ameamua pesa hiyo ni deposito ya TV ya inchi 55, 4K, ya kulipa pole pole. Deposito 10,000, halafu 150 kila siku kwa mwaka mmoja. "Bro, mia na hamsini ni chai na chapati tu," akaniambia.

Tukapiga hesabu. 150 mara siku 365 ni 54,750. Weka deposito juu, inafika 64,750. TV hiyo hiyo, kwa duka ambalo sitalitaja, ukitoa keshi ilikuwa 46,000. Yaani chai na chapati zilikuwa zimebeba karibu 19,000 juu, na hapo bado hatujauliza kama anaihitaji.

Swali la kuihitaji halijibiwi na muuzaji. Linajibiwa na ukubwa wa chumba. Keja yake ni futi kumi kwa kumi, kama nyingi za huku. Kumi kwa kumi ni kama mita tatu kwa tatu. Toa stendi ya TV, toa ile pazia inayotenganisha kitanda na viti, toa unene wa kochi lenyewe. Tulipopima kutoka macho yake hadi mahali TV ingekaa, tulipata mita 2.1. Hiyo namba iweke kichwani, juu kila kitu kinaanzia hapo.

Picha ya TV imetengenezwa na nukta ndogo zinazoitwa pikseli. TV nyingi za inchi 32 za bei ya chini ni za HD ya kawaida, 1366 kwa 768, kama milioni moja hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni mbili. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni nane na kitu. Ukisoma namba hizo dukani unaona kama 4K ni bora mara nne ya Full HD. Kwa karatasi, ni kweli. Shida ni kwamba hutatazama karatasi, na jicho la binadamu lina mwisho wake.

Jicho zima la kawaida haliwezi kutofautisha nukta zikiwa ndogo kupita kiwango fulani, na kadiri unavyokaa mbali ndivyo nukta zinavyozidi kumezana. Ukifanya hesabu, TV ya inchi 43 ya Full HD, ukikaa kama mita 1.7 au zaidi, nukta zake hazionekani tena. Zimeshaungana, picha ni laini. Sasa mtu aliye mita 2.1 akiongezewa nukta mara nne kwa skrini hiyo hiyo, anaongezewa kitu ambacho jicho lake lilishaacha kukiona sentimita arobaini zilizopita. Ni kama kulipia viti vya VIP kisha ukae nyuma ya nguzo.

Hata ile inchi 32 ya HD, ambayo watu wanaichekelea sana, nukta zake hupotea ukifika kama mita 1.8. Kwa hivyo kwa keja ya kumi kwa kumi, wewe mwenye 32, usikubali mtu akuambie picha yako ni mbaya juu si 4K. Kama ni mbaya, kuna sababu nyingine.

Lakini inchi ni hadithi tofauti, hizo jicho linaziona. Watu hufikiria kutoka 32 hadi 43 ni kuongeza kidogo tu, inchi kumi na moja. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa hivyo eneo lote la skrini linakua haraka kuliko namba. 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, 43 ina 95. Ukipiga eneo, 43 ni kubwa kwa asilimia 80. Hiyo utaihisi siku ya kwanza: majina ya wachezaji yanasomeka, subtaitoz hukodolei macho, na mpira ukipigwa mbali unauona. Ndiyo maana nasema inchi kwanza.

Jambo la pili ni unatazama nini. Jamaa yangu nilimuuliza, na jibu lake ni jibu la wengi wetu: chaneli za bure, muvi za flashi, YouTube, na Netflix ya kuazima paswadi kwa binamu.

Tuanze na chaneli za bure. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka wa 2015, tukaingia dijitali, lakini dijitali haimaanishi HD. Nyingi ya chaneli hizi bado zinakuja kwa SD ile ya zamani, nukta 720 kwa 576. Piga hesabu: hiyo ni nukta 414,720. 4K ina 8,294,400. Mara ishirini kamili! Yaani taarifa ya habari ikiingia kwa skrini ya 4K, kwa kila nukta ishirini unazoona, moja ndiyo imetoka stesheni na kumi na tisa TV imejitungia. TV ya bei ghali hutunga vizuri. TV ya 4K ya bei ya kutupa hutunga kama mtu anayejibu mtihani ambao hakusoma, na hapo ndipo unaona nyuso zimekuwa kama zimepakwa mafuta. Safari Rally ikija hapa kwetu, unaweza kuwa unasikia helikopta juu ya paa lako, halafu kwa TV vumbi la Kedong linaonekana kama uji. Hiyo haiponyi kwa kununua K zaidi.

Muvi za flashi? Faili nyingi anazokuwekea jamaa wa muvi ni 720p au chini, ndiyo zitoshe. Na muvi za DJ Afro, tuseme ukweli, hakuna mtu huzitazama kwa sababu ya pikseli. Utamu uko kwa sauti. Ukibaki na elfu tatu, nunua wufa.

Inabaki intaneti, na hapa ndipo 4K inakula watu. Netflix wenyewe wanasema 4K inataka intaneti ya angalau Mbps 15, na inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Muvi ya saa mbili ni GB 14. Kwa bando, hiyo si burudani, hiyo ni harambee. Full HD inataka Mbps 5. Sasa fikiria Wi-Fi ya ploti, mnagawana watu kumi, saa mbili usiku kila mtu amefungua TikTok. Hata ukiwa na TV ya laki moja, picha itajishusha yenyewe hadi ile intaneti inaweza kubeba. Tena Netflix hawatoi 4K kwa kila mtu, ni kwa wanaolipia pakeji ya juu kabisa, ile ya Premium. Binamu yako analipia ipi?

Sisemi 4K ni utapeli. Kama una faibha ya kutosha nyumbani, au unacheza PS5, au unakaa karibu na skrini kubwa, utaona tofauti, na ni tofauti tamu. Tena ukifika inchi 50 kwenda juu, siku hizi karibu zote ni 4K, kwa hivyo hata huchagui. Na ukikuta 43 ya 4K na 43 ya Full HD za kampuni moja zimepishana elfu mbili tu, chukua 4K, utahama keja siku moja. Mimi napinga tu mtu kuingia deni la mwaka mzima kwa sababu ya herufi moja na namba moja.

Na boksi zenyewe hudanganya. Kuna TV zimeandikwa "4K supported" kwa maandishi makubwa. Hiyo maana yake ni kwamba inaweza kupokea faili ya 4K na kuifungua. Kioo chenyewe kinaweza kuwa HD ya kawaida. Usisome mbele ya boksi, soma kwa pembeni palipoandikwa namba ndogo: kama si 3840 kwa 2160, hiyo si 4K. Kama ni 1366 kwa 768, si Full HD, hata muuzaji akiapa kwa jina la mamake. Pia uliza kuhusu Widevine. Ni kibali cha usalama cha video. TV ikiwa na L3 badala ya L1, Netflix itakupa 480p na basi, hata kioo kiwe kizuri vipi. Na hakikisha ina DVB-T2 ndani, ndiyo usinunue king'amuzi kando kwa chaneli za bure.

Kuna pia kitu ambacho maduka hayawezi kukuambia: sisi wapangaji tunahama. Unahama juu kodi imepanda, juu kazi imesonga, au juu ziwa limekuja. Watu wa Kihoto wanajua, 2020 na tena 2025 maji yaliwafuata hadi kwa milango. Inchi 55 kwa bodaboda kutoka tauni hadi Karagita ni maombi. Kioo kikipasuka, fundi atakuambia bei ya kioo kipya na utagundua ni karibu bei ya TV nyingine. Inchi 43, watu wawili wanaibeba wakipiga stori.

Jamaa yangu aliniuliza swali ambalo naliheshimu. Akasema, "Sasa mimi nisimame siku nzima nikipanga maua ya watu wa Ulaya, nikirudi nyumbani nisiwe na kitu kimoja kikubwa?" Sikuwa na jibu la haraka, juu hilo si swali la TV. Kuna raha ya kufungua mlango na wageni waseme "wueh!" Hakuna aibu kutaka hiyo. Shida ni kwamba wueh ya wageni ni ya dakika mbili, na 150 ni ya kila siku, hata siku ya malaria, hata mwezi ambao maua yamepungua na ovataimu haipo. Ukikosa kulipa, TV inarudi dukani na deposito yako inabaki huko.

Akachukua 43 ya Full HD kwa keshi, 25,000. Tofauti na ule mpango wa kwanza ni 39,750. Keja yake ni 4,000 kwa mwezi, kwa hivyo hiyo ni karibu kodi ya miezi kumi. Ile 150 ya kila siku sasa anaifungia M-Shwari, anataka kusomea leseni ya kuendesha gari. Na wageni wake bado husema wueh, juu kwa chumba cha kumi kwa kumi, 43 ni kubwa.

Kwa hivyo ukienda dukani wikendi hii, fuata mpangilio huu. Pima kutoka macho hadi ukuta. Ukiwa chini ya mita moja na nusu, 32 inatosha vizuri. Kati ya hapo na mita mbili na nusu, tafuta 43, Full HD inatosha. Ukizidi hapo na mfuko unaruhusu, ingia 50 au 55, na 4K itakuja nayo. Kisha andika vitu vitano unavyotazama zaidi, uulize ni vingapi vinafika kwako kwa 4K. Halafu omba muuzaji aweke chaneli ya kawaida ya bure, si ile video ya maua na samaki wa rangi ambayo kila duka huweka. Video hiyo imetengenezwa ikupumbaze. Taarifa ya habari ya saa moja ndiyo itakuonyesha TV unayopeleka nyumbani.

Na pesa ikibaki, nunua gadi ya stima kabla ya kitu kingine chochote. Tumepakana na Olkaria lakini stima bado hupotea na kurudi kwa hasira.