Huruma ya Eldoret: Moshi, Nzi na Maji

Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, umesimama juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi, na mgeni aingiapo hudhani kwamba mahali palipo juu namna hii hapana maradhi. Lakini na afike kwanza Huruma.

Huruma ni mtaa wenye watu wengi. Kwa miaka mingi takataka za mji zimekuwa zikimwagwa katika jaa lililo huko. Mboga zilizooza, mifuko, vyuma na vigae vya chupa, vyote hukutana mahali pamoja. Wapo wapatao riziki yao humo kwa kuokota chuma na plastiki ili wauze. Wala si haki kuwacheka, kwa maana kazi yao huupunguzia mji taka.

Mwenye kutaka kuipima hatari ya mahali hana budi kuuliza mambo matatu: madhara yako wapi, hupita njia gani, na humfikia nani. Huko London, mwaka 1854, Dk. John Snow alizichunguza nyumba zilizofiwa kwa kipindupindu, akaona zimelizunguka bomba moja la maji la Broad Street. Ndipo mpini wa bomba lile ukaondolewa.

Kwa Huruma njia zilizo wazi ni tatu. Ya kwanza ni moshi: plastiki ikiungua, moshi wake huingia vifuani mwa watoto na wazee, na waokotao hufikiwa kwanza, kwa kuwa huivuta hewa ile kutwa. Ya pili ni nzi, atokaye jaani akatua juu ya chakula kisichofunikwa. Ya tatu ni maji: mvua hupenya takataka ikashuka ardhini, basi kisima kisicho kirefu kilicho karibu na jaa au choo hakiaminiki, hata maji yake yakiwa maangavu. Tena uchafu uingiao Mto Sosiani hauishii Eldoret, kwani maji yake huenda Kipkaren, kisha Nzoia, hata Ziwa Victoria.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na kuondoa taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Lakini kuchemsha maji, kufunika chakula na kutochoma plastiki uani ni kazi ya kila mwenye nyumba. Naye Bwana Afya ajapo na daftari lake, asifichwe choo kibovu: hicho ndicho alichokuja kukitafuta.