Kutoka Bujumbura mpaka Ujiji kwa Pikipiki

Mhariri aliponiandikia kuniomba habari za safari yangu ya Julai 2025, alitaka hasa nieleze uzuri wa barabara ipitayo kando ya Ziwa Tanganyika. Uzuri huo upo, nami nitausema. Lakini nyuma yangu alikaa Mjomba, ambaye alipita sehemu ya njia hiyo kwa miguu mwaka 1972, usiku, akiwa na umri wa miaka 15.

Mjomba ni mtu wa Ujiji sasa. Alikuja Bujumbura kwa basi katika arusi ya dada yangu, na arusi ilipokwisha akakataa kurudi kwa basi. "Basi halisimami nitakapo," akasema. "Wewe una pikipiki." Mama aliogopa, maana kaka yake anakaribia miaka 70 na mgongo wake si mzima. Hata hivyo aliniita pembeni akaniambia: "Mkifika upande wa Rumonge, mwulize juu ya shamba la baba yetu. Tulidai, au tuliache? Mimi ni mdogo wake, yeye ndiye mwenye neno."

Pikipiki yangu ni ndogo, ya cc 125. Mafuta yamekuwa ya shida kwetu miaka hii, kwa hiyo niliyatafuta siku nne mpaka nikajaza tangi na kidumu cha lita tano. Tukaondoka alfajiri.

Burundi vyombo hupita upande wa kulia, na ziwa nalo liko kulia kwa mtu aendaye kusini; basi msafiri huwa upande wa maji karibu njia nzima. Kushoto milima imesimama wima, hata mahali pengine barabara imebanwa kama mtu apitaye mlango mwembamba. Jua la asubuhi huchelewa kutufikia kwa sababu ya milima hiyo, lakini ng'ambo, milima ya Kongo imekwisha pata mwanga, myekundu kwanza, kisha ya kijani. Ukitaka kuiona barabara hii, ipite saa hiyo.

Pale Mugere, kilomita chache kutoka mjini, kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani ndipo walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakaja huku kwa mitumbwi kutazama kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona unaingia. Mjomba, kwa kuwa ni mtu wa Ujiji, alinitaka niliandike jambo hili wazi.

Gitaza tulipita polepole. Mwaka 2015 mlima uliporomoka hapo ukafunika nyumba za watu. Ziwa nalo lina mambo yake: lilipanda mwaka 2021 na tena 2024, likaingia katika nyumba za kandokando. Tuliona kuta zilizobaki bila bati, mistari ya matope ikionyesha maji yalipofika. Barabara nzuri hii imekaa kati ya mlima ushukao na maji yapandayo. Kwa abiria wa gari huenda ni habari tu. Kwa mwenye pikipiki, kila kokoto lililodondoka usiku ni lake.

Rumonge, kilomita zipatazo 75 kutoka Bujumbura, hutangulia kunuka kabla ya kuonekana: mawese. Tulikula ndagala na ugali wa muhogo, tukaendelea. Hapo ndipo Mjomba alipoanza kunigonga begani.

Mauaji ya mwaka 1972 yalianza mwishoni mwa Aprili katika sehemu hizi za kusini, kisha yakaenea nchi nzima, na watu wengi mno wakakimbilia Tanzania. Mjomba hakunisimulia hayo. Aligonga bega langu kwenye kila daraja, akaniambia kimo cha maji. "Huu ulinifika kiunoni." "Huu tulishikana mikono." Kuna mmoja ambao hakusema neno, akagonga tu. Kwa pikipiki daraja huchukua nukta mbili. Penye msitu wa Kigwena akaniomba nizime injini. Alilala humo mchana mmoja, akasikia magari yakipita barabarani. Ndege walikuwa wakilia, na wanawake wawili wakapita na kuni, wakatuamkia.

Shamba la Babu liko juu kidogo ya barabara. Nyumba iliyopo ni ya watu wengine, watu wa makamo waliozaliwa pale pale. Mjomba aliomba maji, wakampa na kigoda. Akauliza michikichi ile ilipandwa na nani. Mwenye nyumba akajibu, "Tuliikuta." Wakanyamaza wote wawili. Kisha Mjomba akauliza kama kuna kaburi, maana Babu alifariki kabla ya mwaka ule akazikwa shambani. Yule bwana alisimama akatupeleka nyuma ya mihogo. Palikuwa na kipande cha nyasi, urefu wa mtu, kisicholimwa. "Baba alitukataza kugusa hapa," akasema. "Hakutuambia ni nani."

"Ni baba yangu," Mjomba akasema.

Walikaa pale muda wa saa nzima, nami nikarudi kwenye pikipiki, kwa kuwa niliona si mahali pangu. Tulipoondoka walipeana mikono miwili. Nikamwuliza swali la Mama. Akasema, "Endesha, mwanangu, mpaka utafungwa." Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 imekwisha muda wake, mashauri yamebaki kwa mahakama, na Mjomba ayajua hayo kuliko mimi.

Baada ya Nyanza-Lac barabara huliacha ziwa na kupanda mpaka Mabanda, kisha mpaka wa Mugina. Ukivuka Manyovu mambo mawili hubadilika: saa yako inakwenda mbele saa moja, na vyombo hupita kushoto. Mimi mikono yangu ilikuwa bado ya Burundi. Lori lilipotokea mbele yetu, Mjomba alipiga kelele: "Kushoto, kushoto! Huku ni kwetu!" Akacheka sana, mara ya kwanza siku ile. Tuliingia Ujiji usiku.

Nilirudi peke yangu siku ya tatu. Mama aliniuliza habari za shamba kabla ya habari za mgongo wa kaka yake. Nilimweleza habari ya kaburi, akakaa chini. Nikamwambia Mjomba ameahidi kumwandikia barua mwenyewe. Mpaka leo haijafika.