Kustaafu kwa Watu Wawili

Kazi ina mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana kwa yule aliyeandikiwa barua siku ya kuingia na barua siku ya kutoka. Katika Tanzania mtumishi wa serikali huweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na hana budi kustaafu atimizapo miaka 60. Siku hiyo maneno mazuri husemwa juu yake, zawadi hutolewa, picha hupigwa, naye akaenda zake nyumbani kupumzika. Lakini katika nyumba hiyo aghalabu yumo mtu mwingine aliyefanya kazi miaka ileile bila ya barua ya kuingia. Na kwa kuwa hakuandikiwa ya kuingia, hapana akumbukaye kumwandikia ya kutoka. Nataka kusema machache juu ya mtu huyu wa pili, na nitayasema kwa kuwatazama wazee wawili wa jamaa yangu ambao huja Ujiji kila mwaka kuota jua.

Desturi ya wazee kuihama baridi si ngeni duniani. Wazee wengi wa Canada, theluji ikaribiapo, hufunga nyumba zao wakateremka Florida, wakarudi miti ichipuapo. Kwetu hapana theluji ya kukimbiwa, ila kuna kipupwe, ambacho hutawala kati ya Juni na Agosti. Pwani na ziwani hakina nguvu; nguvu zake ziko milimani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo umande wa alfajiri pengine huganda majanini ukawa mweupe kama chumvi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 tu. Kwa kijana tofauti hiyo ni ya kusoma katika kitabu cha jiografia. Kwa mzee ni tofauti ya goti linalonyooka na goti lisilonyooka.

Shangazi yangu alizaliwa Ujiji. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe, akamfuata katika kila kituo alichohamishiwa, na mwishowe wakajenga kwao mume. Mwalimu alipostaafu, baridi yabisi ilikuwa imekwisha kumwingia miguuni. Wakaafikiana kwamba kila kipupwe watashuka kwa basi kupitia Mbeya, Sumbawanga na Mpanda, wakae Ujiji miezi mitatu katika vyumba viwili vya nyumba ya marehemu babu. Kila mmoja alikuja na shauku yake. Mwalimu, ambaye alichora ramani ubaoni umri wake wote, alitaka kuchora picha za rangi. Shangazi alitaka kufuma sweta.

Shauku ya Mwalimu haikumshangaza mtu. Alinunua vipande vya silingibodi kwa mafundi seremala na makopo ya rangi ya mafuta. Kwa vifaa vya namna hiyo Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam, karibu na mwaka 1968, akaacha nyuma yake mtindo unaoitwa kwa jina lake, ingawa mauti yalimchukua mapema, mwaka 1972. Mwalimu hakuchora wanyama kama Tingatinga. Alichora ziwa. Katika kiangazi moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi la nchi kavu hutanda juu ya maji, milima ya Kongo isionekane kabisa. Naye alijisumbua siku nyingi kutafuta mahali maji yanapokwisha na mbingu inapoanza.

Shauku ya Shangazi ilichekesha mtaa mzima. Sweta katika Ujiji! Hapa mwanamke husuka mkeka wa ukindu, na nguo nzito haina kazi. Lakini wajukuu wake wako Njombe, na huko sweta si pambo. Hununua sweta kuukuu za mitumba, akazifumua, akaufua uzi, akaukunja mabonge, kisha akaanza upya kwa sindano mbili. Nilipomtazama nilifahamu kwamba kufuma ni kazi ya hesabu. Mfumaji huhesabu vitanzi. Huongeza hapa, hupunguza pale, na mkono wa kulia wa sweta hauna budi kulingana na wa kushoto. Kitanzi kimoja kikiponyoka bila kuonekana, mistari yote iliyo juu yake imeharibika. Kwa hiyo kufuma kunataka mtu asiyeitwaitwa. Mikono peke yake haitoshi. Hutakiwa saa nzima ambayo ni mali yako.

Saa hiyo ndiyo Shangazi aliyoikosa mwaka wa kwanza. Asubuhi alichota maji, akapika chai, akafagia ua. Akaenda sokoni, akarudi akawasha moto. Mchana akaosha vyombo. Jioni akaanza tena. Wageni waliokuja kutazama picha za Mwalimu walihitaji chai. Mwalimu hakuwa mkali, wala hakuamuru neno. Alikaa chini ya mwembe akachora, na kila kitu kilimfikia kama maji yanavyofikia pwani. Miezi mitatu ilipokwisha, alipanga picha zake ukutani, zikawa kumi na moja. Shangazi akafungua mfuko wake, akatoa nusu ya mkono wa sweta ya mtoto. Mwalimu akauliza kwa nia njema imekuwaje kazi yake ikachelewa. Shangazi akamjibu kwa upole, “Mume wangu, wewe umestaafu. Mimi nimehamishwa kituo tu.”

Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko haya juu ya jambo hili. Mke wa mwalimu anajua maana ya uhamisho: nyumba nyingine, jirani wengine, kazi ileile. Nilipoyatafakari maneno yake niliona kwamba mji wetu wa Ujiji umezoea sana kuyanyamazia mambo ya namna hii. Wasafiri waliotajwa katika historia walifika hapa wamechoka. Mwaka 1858 Burton alifika miguu ikiwa haimchukui, na Speke macho yakiwa karibu kupofuka. Mwaka 1871 Livingstone alirudi hapa dhaifu na mgonjwa, akapumzika, na Stanley akamkuta. Mahali walipokutana pamewekwa kumbukumbu, na kila mgeni huonyeshwa. Lakini Livingstone alikuwa na mpishi, mwanamke aliyeitwa Halima, na Stanley mwenyewe amemtaja katika kitabu chake. Pumziko la Livingstone linasomwa shuleni. Pumziko la Halima, kama lilikuwako, halikuandikwa.

Wala kosa hili si la Ujiji peke yake. Mchoraji wa Ufaransa, Henri Matisse, alikwenda Nice mwisho wa mwaka 1917, akaupenda mwanga wa pwani ile, akawa akirudi majira ya baridi mwaka baada ya mwaka. Mkewe, Amélie, ambaye hapo zamani alifungua duka la kofia ili nyumba iishi wakati picha za mumewe zilipokuwa hazina wanunuzi, alikaa mbali na jua lile sehemu kubwa ya miaka hiyo. Mwaka 1939 wakatengana. Sisemi kwamba jua lilivunja ndoa yao, kwani ndoa ina milango mingi na mtu wa nje haioni yote. Nasema tu kwamba raha ya mmoja ikizoeleka kuwa ya mmoja, yule wa pili hugeuka kuwa msimamizi wa raha hiyo.

Mwaka wa pili Mwalimu alikuja na shauri jipya. Kuanzia alfajiri hadi adhuhuri jiko litakuwa lake, na rangi zitangoja alasiri. Ugali wake wa kwanza wa muhogo ulikuwa na mabuja yasiyotafunika. Alijifunza kwa jirani kupika mgebuka kwa mawese, akaunguza, akarudia. Wazee wenzake waliocheza bao barazani walisema amelishwa limbwata. Maneno hayo si madogo kwa mtu wa miaka 60 na zaidi, ambaye heshima ndiyo mali iliyombakia. Aliwajibu, “Nimewafundisha watoto wa watu kujitegemea tangu ujana wangu. Haifai nife mwenyewe sijajifunza.” Kisha akaomba radhi, akaenda kutazama sufuria.

Lakini iko sehemu ya habari hii ambayo sikuitazamia. Shangazi naye alikuwa na la kujifunza. Siku za mwanzo, akisikia harufu ya kuungua, huinuka. Akisikia kifuniko kimeanguka, huinuka. Na kila ainukapo hupoteza hesabu ya vitanzi. Mtu aliyeitwa miaka mingi huitika hata asipoitwa. Ilipita karibu kipupwe chote ndipo alipoweza kukaa asubuhi nzima bila kugeuza kichwa. Mwaka ule alimaliza sweta mbili, na Mwalimu akapata picha nne. Nilizitazama zile nne, nikaona ni bora kuliko kumi na moja za mwaka uliopita. Labda aliyejua kwamba alasiri ni fupi aliutazama mwanga kwa makini zaidi.

Msomaji asidhani kwamba nasifu starehe kana kwamba kila mtu anaweza kuipata. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipewa likizo. Tangu 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa katika maji ya Tanzania ya Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa njema, maana ziwa nalo huchoka. Lakini kwa wanawake waanikao dagaa kazi ilisimama pamoja na nyavu. Mmoja wao, jirani yetu, alikuja barazani akaketi karibu na Shangazi, akamtazama akifuma, kisha akauliza, “Bibi, kazi hii inalipa?” Shangazi akasema, “Hailipi, mwanangu. Ndiyo maana nimeingojea mpaka uzee.” Jirani akanyamaza. Yeye alikuwa na watoto wa kulisha, na pumziko alilopewa hakuliomba. Siku ile nilijifunza kwamba pumziko lisilo na chakula ni njaa iliyokalishwa kitako. Na kwamba hata pumziko la samaki lina mtu anayelilipia. Ni haki basi kuuliza, kila tuonapo mtu au kitu kinapumzika, ni nani aliyechukua mzigo wake, na je, ameshukuriwa, ameshikwa mkono, amepokewa?

Swali hili lina haraka kuliko tunavyodhani. Kipupwe kilichopita vidole viwili vya mkono wa kulia wa Shangazi vilikuwa havikunjiki vema. Baridi yabisi iliyomwanza mumewe miguuni imemfika yeye mikononi, pale hasa anapopahitaji. Sasa hufuma saa mbili tu kwa siku, na Mwalimu huketi kando yake akimhesabia vitanzi kwa sauti, kama alivyowahesabia watoto wa darasa la kwanza. Ni jambo zuri kuliona, lakini halirudishi miaka. Pensheni ya mume huja kila mwezi na inaweza kugawanywa. Vidole vilivyotumika jikoni katika vituo vyote vile havina pensheni, na ufumaji ambao vingaliweza kuufanya vilipokuwa vyepesi hauwezi kudaiwa popote.

Kwa hiyo sioni kwamba jambo hili ni la wazee. Ni la vijana wanaosoma ukurasa huu, ambao wengine wanaoa na kuolewa mwaka huu, na ambao kwao kustaafu ni habari ya mbali. Wazee hawa wawili walianza kugawana asubuhi walipokwisha kupita miaka 60, wakafaulu, lakini walichogawana kilikuwa mabaki. Barua ya kustaafu ya mtu wa pili haitoki ofisini. Huandikwa jikoni, kwa mkono wa yule aishiye naye, na yafaa iandikwe mapema, vidole vingali vinakunjika.