Bluu ya Guka

Ukitaka kujua gari la Gakindu limeishi vipi, usiangalie namba. Pitisha kidole juu ya boneti. Kiangazi utapata vumbi jekundu lile lile la shamba la kahawa. Julai utapata umande na ukungu, na bati halikauki mpaka saa nne saa tano. Vumbi likishikana na unyevu linakuwa msasa. Halafu anakuja kijana na ndoo, sabuni ya unga na shati kuukuu, anasugua kwa nguvu zake zote, na rangi inaondoka kidogo kidogo huku mwenye gari akimwambia asante.

Guka alikuwa na Peugeot 504 ya bluu. Aliinunua 1978, tayari imetumika, kwa pesa za kahawa. Baridi kali ilikuwa imeunguza mikahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikaruka, na wakulima wa huku wakashika pesa ambazo hawakuwa wamewahi kuzishika. 504 ilikuwa imeshinda Safari Rally 1975, ikashinda tena mwaka ule ule wa 1978. Kwa hivyo pale nyumbani hakukuwa na mjadala wa gari gani.

Guka alituacha mwaka juzi. Mjadala ukaanza.

Baba mdogo anataka iuzwe. "Tuipeleke Karatina ipigwe spreyi, wiki moja tu, iwake. Kuna watu Nairobi wanatafuta hizi gari kama dhahabu." Cucu hataki isikie hata harufu ya spreyi. Mimi nikaitwa kwa sababu niliosha magari miaka miwili kando ya Thika Road, na kwetu hiyo inatosha kukufanya mtaalamu.

Sasa, gari la siku hizi lina rangi, na juu yake vanishi isiyo na rangi. Ile ya Guka ina rangi moja tu, basi. Nilipoisugua kona ya mlango na polishi kidogo, kitambaa kikatoka bluu. Baba mdogo akashtuka akidhani nimeharibu. Hapana, hiyo ni rangi iliyokufa kwa jua. Chini yake kuna bluu hai. Lakini ndiyo maana polishi inataka adabu: ina chembe ndogo zinazokula, na ukiipiga kila Krismasi, siku moja utafika kwenye bati. Nta haili. Inakaa juu, jua na kinyesi cha ndege vianze nayo kwanza.

Tuliosha kwa maji mengi na shampuu ya gari, kitambaa kikianguka chini hakirudi. Kisha nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikapapasa boneti. Jaribu siku moja: uchafu ambao vidole haviuhisi, plastiki inauhisi. Polishi mara moja tu, mkono mwepesi. Nta tukapaka chini ya mabati, kivulini, nyembamba sana, kipande kwa kipande. Watu wengi hupaka kama blue band kwenye mkate, halafu wanashangaa haitoki. Na usiguse plastiki nyeusi, itabaki na madoa meupe.

Kopo limeandikwa karnauba. Hiyo ni nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazil. Nilipomwambia Cucu, alicheka mpaka akakaa. Brazil tena!

Nimerithi jina la Guka, kwa hivyo Cucu huniita mume wangu. Alizunguka gari mara mbili, akasimama kwenye mkwaruzo mrefu wa mlango wa nyuma. "Mume wangu, huu usiuguse. Huu ni wa jembe, siku tulipopeleka baba yako shule ya bweni." Spreyi ingeanza kwa kupiga msasa mwili mzima, na mkwaruzo huo ungejazwa kwanza. Hapo nikaelewa wanabishania nini hasa.

Lakini singemdanganya. Nta itadumu miezi miwili, mitatu, halafu maji yatakataa kufanya matone na itabidi turudie. Na haiponyi kutu. Chini ya milango bati limeliwa kutoka ndani, bisibisi inapenya kama kwenye ugali. Pale lazima kukatwe, kuchomelewe, na kupakwe rangi mpya, ama miaka mitano hakutakuwa na gari ya kuuza wala ya kuweka.

Cucu alinyamaza sana. Mwishowe akakubali, chini tu, isipite magoti yake. Baba mdogo amekubali kungoja mpaka mwaka ujao ndipo tuzungumze bei. Fundi wa Mukurwe-ini anasema bluu hiyo ataichanganya kwa macho. Cucu amesema atabeba kiti chake akae hapo akimtazama.